Gari Likilia, Nani Anapaswa Kusikia?



Gari la nyumbani likishazeeka halinyamazi tena. Likivuka kilomita 250,000, kila asubuhi lina lake la kusema. Leo ni mlio wa chuma mbele upande wa kushoto, kesho ni kitu kinachogonga chini likipita tuta, keshokutwa ni mvumo unaopanda pamoja na mwendo. Nyumba nyingi zina gari la namna hii. Kwa kanuni za hapa Kenya, gari la mtumba haliruhusiwi kuingia nchini likiwa limepita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na wengi wetu hununua lile lililokaribia mwisho wa muda huo kwa kuwa ndilo tunaloliweza. Kisha tunaishi nalo miaka mingine 10 au 15. Linapeleka watoto shuleni, linabeba gunia la mahindi, linakimbiza mgonjwa hospitalini usiku, na mwezi wa Desemba linapakia jamaa wote kwenda nyumbani mashambani.

Kisha sauti ngeni inaanza. Mke, aliyeketi kando ya dereva, anauliza: "Baba watoto, hiyo sauti ya mbele umeisikia?" Mume anajibu: "Ni barabara tu, mama," na mkono unakwenda kuongeza redio. Katika nyumba nyingine mambo ni kinyume: mke ndiye anayeendesha kila siku, mume ndiye anayeuliza, naye anaambiwa kwamba ana wasiwasi wa bure. Kwa wengi mazungumzo huishia hapo. Lakini ndani ya ule mkono unaoongeza redio mna swali la dhamiri ambalo wanandoa wanafaa kulijibu pamoja. Je, mtu ana hatia kwa jambo asilolijua, ikiwa angelijua kama angetaka?

SAUTI NI USHAHIDI

Tuanze na gari lenyewe. Gurudumu la gari dogo huzunguka zaidi ya mara 500 katika kila kilomita. Gari likiwa limetembea kilomita 300,000, kila gurudumu limezunguka zaidi ya mara milioni 150. Injini inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, kila pistoni inapanda na kushuka mara 50 kwa sekunde moja. Kazi kama hiyo haiwezi kuacha vyuma kama vilivyokuwa. Raba za bushi hukauka na kupasuka, grisi hukauka au humwagika, nati hulegea, beringi hulika. Vitu viwili vilivyoshikana sawasawa vikiachana kidogo tu, vinaanza kugongana au kusuguana, na huko kugongana ndiko tunakosikia.

Kwa hiyo sauti ngeni ni habari. Ina mahali inapotoka, ina sababu, na ina wakati wake wa kutokea. Dalili ya mvua ni mawingu, na gari lina fadhila hii kwamba mara nyingi huonya kabla ya kukatika. Pedi nyingi za breki zimewekewa na kiwanda kijibati kidogo ambacho hugusa diski na kulia pedi ikibaki na unene wa kama milimita 2 au 3. Aliyeziunda alijua kwamba dereva hawezi kutazama pedi zake kila siku, basi akamwekea sauti ya kumwita. Anayeisikia sauti hiyo na kuipuuza hawezi kusema kwamba hakuambiwa.

JE, ASIYEJUA ANA KOSA?

Mwaka 1877 mwanahisabati wa Uingereza aitwaye William Clifford aliandika insha kuhusu wajibu wetu katika mambo tunayoyaamini. Alitoa mfano wa mtu mwenye meli kuukuu, iliyosafiri sana na kutengenezwa mara kwa mara. Meli hiyo ilikuwa inajiandaa kuondoka na wahamiaji na jamaa zao. Mwenyewe akaingiwa na shaka kwamba huenda haifai tena, na kwamba ingefaa ikaguliwe, ingawa ukaguzi ungemgharimu fedha nyingi. Ndipo akaanza kujituliza. Mbona imekwenda na kurudi salama mara nyingi? Tena Mungu hatawaacha wasafiri hao wote. Akajituliza hivyo mpaka shaka ikaisha, akaiaga meli kwa moyo mweupe. Ilipozama katikati ya bahari, yeye alilipwa bima.

Clifford anauliza: mtu huyu aliamini kwa dhati kwamba meli yake ni nzima, je, ana hatia ya vifo hivyo? Anajibu kwamba anayo, kwa sababu imani yake hakuipata kwa kuchunguza. Aliipata kwa kuizima shaka iliyokuwa ikimwita akachunguze. Anaendelea kusema kwamba hata meli ingefika salama, hatia ingekuwa ile ile, ila tu watu wasingeijua.

Clifford hakuwa mtu wa dini. Lakini karne sita kabla yake, Mtakatifu Thomas Aquinas alikuwa amefundisha neno linalokaribiana na hilo. Alionyesha kwamba kutojua si kwa aina moja. Kuna jambo ambalo mtu hawezi kulijua hata akijitahidi, na hapo hahesabiwi kosa. Kuna kutojua kwa uzembe, mtu asipojishughulisha kutafuta lile analopaswa kulijua. Na kuna kutojua kwa makusudi, pale mtu anapoikwepa habari ili aendelee kufanya apendavyo bila kusumbuliwa. Huku kwa mwisho hakumpunguzii mtu kosa lake.

Sasa tuurudie ule mkono juu ya redio. Mtu ambaye beringi yake inakatika ghafla bila kuwahi kutoa mlio hana la kujilaumu. Mtu aliyesikia mvumo wiki tatu na kila siku akasema atautazama Jumamosi ana uzembe. Lakini aliyeongeza redio ili asisikie tena amekwisha kusikia. Alichofanya ni kuchagua kutojua, na aliyechagua ndiye atakayeulizwa.

Kuna tofauti hapa kati ya gari na vitu vingine vya nyumbani. Redio ikikwaruza, hasara ni ya redio. Wajibu wa kuchunguza hupimwa kwa kile kitakachopotea, na kwa nani atakayekipoteza. Kiti cha nyuma wamekaa watoto ambao hawakuchagua gari wala hawajui maana ya ule mlio. Kando ya barabara anatembea mama mwenye mzigo kichwani, na mbele yako yuko kijana wa bodaboda na abiria wake. Hao wote wanaitegemea breki ambayo wewe peke yako umeisikia ikilia. Ndiyo maana huwezi kusema, "Gari ni langu, shauri yangu."

VISINGIZIO VINNE

Nimeorodhesha hapa yale tunayoambiana tusipotaka kuchunguza. Kila moja lina ukweli kidogo ndani yake, na ndiyo sababu linatutuliza.

"Hatuna pesa." Hili ndilo zito kuliko yote, hasa mwezi wa karo. Lakini kuchunguza na kutengeneza ni mambo mawili. Sehemu kubwa ya kuchunguza haigharimu hata shilingi, kama tutakavyoona. Na mkishajua, hata bila pesa mnaweza kuamua la kufanya: kutosafiri usiku, kutotoka na gari kwenye barabara kuu, kupanda matatu kwa wiki mbili mpaka mshahara ufike. Ukosefu wa pesa unaweza kumzuia mtu asitengeneze, lakini haumzuii kusikiliza. Tena mara nyingi kuchelewa ndiko kunakogharimu. Pedi zikiachwa ziishe kabisa, chuma husaga chuma, na kilichokuwa bei ya pedi kinakuwa bei ya pedi na diski. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

"Limelia hivi miaka miwili." Ni kweli kwamba sauti ambayo haijabadilika kwa muda mrefu hutisha kidogo kuliko iliyoanza jana. Lakini una hakika haijabadilika? Sikio la dereva wa kila siku huzoea, na mlio unaokua polepole humfikia bila kumshtua. Anayepanda gari mara moja kwa wiki husikia upya. Kwa hiyo mwenzako anapokuambia sauti imezidi, usimpuuze kwa kuwa yeye haendeshi. Pengine ndiyo sababu amesikia.

"Mimi si fundi." Hakuna anayekutaka utaje jina la spea. Unachotakiwa kuwa nacho ni ushahidi: umesikia nini, lini, upande gani. Shahidi mahakamani si hakimu, lakini bila yeye hakimu hawezi kuamua kesi.

"Mungu atatulinda." Tumwombe atulinde, na tuombe kila tunapotoka nyumbani. Lakini Bwana wetu mwenyewe alipoambiwa ajitupe kutoka kinara cha hekalu kwa kuwa malaika wangemdaka, alikataa kumjaribu Mungu. Mwenye meli naye aliwakabidhi abiria wake kwa Mungu, huku akiunyima ubao wa meli ukaguzi uliokuwa mikononi mwake.

ANZENI NA "NINI?" KABLA YA "NANI?"

Ukisikia gari linagonga, kuna maswali mawili unayoweza kuuliza. Moja ni, "Nini kimeharibika?" Jingine ni, "Nani amekiharibu?" La pili ndilo huja upesi zaidi mdomoni. "Umelipitisha wapi hili gari? Jana nilikuachia likiwa zima!" Na anayeulizwa, hata kama ni kweli aliingia shimo kubwa karibu na soko, anaanza kujitetea, na habari ya shimo haitoki tena. Fundi akiuliza kesho kama gari liligonga mahali, jibu ni "hapana." Atatafuta siku nzima kitu ambacho angekipata kwa dakika tano.

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio kitamfichua. Ni kweli, lakini tujiulize pia kwa nini mtu anaficha. Akiwa na mwenzi anayemgombeza mbele ya watoto kila anapoleta habari mbaya, atajifunza kutoleta habari. Hapo nyumba nzima inakuwa kiziwi, na uziwi huo umetengenezwa na wawili: mmoja aliyenyamaza, na mwingine aliyemfanya aogope kusema. Mume anayesema baadaye, "Mbona hukuniambia?" angefaa ajiulize kwanza ni nini kilimpata mke wake mara ya mwisho alipomwambia. Na mke anayemcheka mume kila anapotaja mlio, mpaka mume akaacha kuutaja, naye ajiulize vivyo hivyo. Ikiwa kutojua kwa makusudi ni kosa, basi kumfanya mwenzako aogope kukujulisha ni kushiriki kosa hilo.

Kwa hiyo naomba wanandoa mkubaliane hivi: anayeleta habari ya gari halaumiwi siku hiyo. Kama kuna uzembe wa kuzungumzia, mtauzungumzia gari likishapona.

NAMNA YA KUSIKILIZA MKIWA WAWILI

Mmoja akiendesha, mwingine anasikiliza na kuandika. Zimeni redio, fungeni madirisha, kisha myafungue. Toeni chupa zilizoko mlangoni na mkaze jeki iliyoko kwenye buti, kwa kuwa mara nyingi hizo ndizo zinazogonga. Kisha fuateni utaratibu.

Kwanza, jaribuni gari likiwa limesimama, breki ya mkono imevutwa, gia haijaingizwa. Kanyaga mafuta polepole. Sauti ikisikika na kupanda pamoja na injini, inatoka kwenye injini au vitu vinavyozungushwa nayo. Ikiwa haisikiki mpaka gari liende, tafuteni kwenye magurudumu, breki, gia na ekseli. Jaribio hilo moja linaondoa nusu ya mashaka.

Pili, andikeni wakati wake. Ni asubuhi injini ikiwa baridi, au baada ya safari? Ni kwenye tuta, kwenye kona, au unapokanyaga breki? Mlio mkali wa asubuhi unaokuja taa na feni vikiwashwa mara nyingi ni wa fenibelti. Nyunyiza maji kidogo juu ya mkanda huo, mikono na nguo zikiwa mbali, na ukisikia mlio umebadilika mara moja, umempata mshukiwa wako. Kugonga kwenye mashimo na matuta huelekeza kwenye bushi, boli jointi au shoki.

Tatu, kona. Katika magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, sauti ya tak-tak-tak unapokata kona kali polepole ni dalili ya sivi jointi iliyolika. Chungulia nyuma ya gurudumu. Ukiona mpira wake umepasuka na grisi imerukia huku na huku, umepata sababu. Mvumo unaopanda na mwendo huenda ukawa beringi ya gurudumu, au tairi lililolika vibaya. Tairi hubadilisha sauti barabara ikibadilika kutoka lami laini hadi lami mbaya, lakini beringi huvuma vile vile. Na unapopinda kulia, uzito wa gari huegemea kushoto, hivyo mvumo ukizidi hapo, shuku beringi ya kushoto.

Nne, oili. Gari likiwa mahali tambarare, injini ikiwa imezimwa kwa dakika chache, toa dipstiki uifute, uirudishe, kisha uitazame. Injini inayolia tiki-tiki upande wa juu huenda inahitaji oili tu, au kurekebishwa valvu. Ukishaongeza, chunguza ilikokwenda ile ya kwanza.

Mafundi wana chombo kingine cha bei rahisi, nacho ni bisibisi ndefu. Fundi huweka ncha yake juu ya kitu anachokishuku, na mpini kwenye sikio, na sauti humfikia kupitia chuma chenyewe. Kazi hii mwachieni yeye, maana feni na mikanda inayozunguka hukata vidole. Na mtu yeyote asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

DEBE TUPU NA SAUTI NDOGO

Katika kuchunguza, msidanganywe na ukubwa wa kelele. Debe tupu haliachi kuvuma. Juu ya bomba la moshi kuna bati jembamba la kukinga joto. Likishika kutu na kulegea, linatikisika kwa kishindo hadi utadhani injini inapasuka, na fundi hulitengeneza kwa kulikaza kwa klipu. Watu wengi wamekosa usingizi kwa ajili ya bati hilo.

Lakini ziko sauti ndogo zinazotaka gari lisimamishwe papo hapo. Kugonga kuzito kunakotoka chini ya injini, hasa taa ya oili ikiwaka, ni dalili kwamba beringi za konrodi zinakufa. Zima injini hapo hapo, usijaribu kufika nyumbani. Sauti ya chuma kusaga chuma unaposhika breki maana yake ni kwamba pedi zimekwisha. Mgongo mdogo kwenye gurudumu lililobadilishwa tairi juzi huenda ni nati zilizolegea, na gurudumu linaweza kuchomoka. Na ile sauti ya puf-puf ya bomba la moshi lililotoboka, inayosikika zaidi asubuhi na kupungua chuma kikipata joto, watu huizoea upesi sana. Moshi wa injini una hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na inayoua. Bomba likitoboka chini ya sakafu yenye matundu ya kutu, watoto waliosinzia kiti cha nyuma katika safari ndefu wanaweza kuwa hawasinzii kwa uchovu tu.

Ndiyo maana hatuwezi kuhukumu kwa kelele wala kwa hofu zetu. Tunachunguza. Na tukishachunguza kwa bidii ya kawaida na kuambiwa na fundi anayeaminika kwamba ni bati tu, tulale. Mtu anayelipeleka gari gereji kila wiki kwa kila mkwaruzo, akila pesa za nyumba kwa wasiwasi, naye hajasikiliza vizuri. Dhamiri inadai tutafute ukweli, haidai tusipate usingizi kamwe.

MKIFIKA KWA FUNDI

Mpeni ule ushahidi mlioandika, msimpe hukumu. Ukimwambia, "Badilisha shoki," atabadilisha shoki, atakudai pesa, na sauti itabaki. Mwambie, "Inagonga mbele kushoto, kwenye tuta, gari likiwa na mwendo mdogo." Mwombe apande nanyi hadi kwenye tuta hilo hilo. Anayetaja spea kabla hata gari halijawashwa anakisia, na makisio yake mtayalipia ninyi. Kubadilisha spea moja baada ya nyingine bila kujua sababu ni namna nyingine ya kukwepa kujua, tena ya gharama. Mwombe awaonyeshe kile kilicholika, na kazi ikiisha rudini kwenye lile tuta mpime tena. Fundi mwaminifu hatakasirika.

UKITAKA KULIUZA

Kuna wanaoisikia sauti, wanaielewa vizuri, na wanaamua kuiuza pamoja na gari. Kuna hila za zamani za kunyamazisha chuma kwa siku chache: oili nzito kwenye injini iliyochoka, au hata unga wa mbao ndani ya gia. Huyu hatuhitaji kuuliza kama anajua. Thomas Aquinas alilishughulikia swali hili pia, akitumia farasi badala ya magari. Alifundisha kwamba kasoro inayoonekana wazi, kama farasi mwenye jicho moja, muuzaji halazimiki kuitangaza mradi apunguze bei ipasavyo. Lakini kasoro iliyofichika, inayoweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, lazima aitaje.

Ni rahisi mume kumwambia mke, "Wewe nyamaza tu mteja akija, maneno niachie mimi." Hapo anamwomba mwenzake ashiriki uongo kwa kufunga mdomo. Mke ana haki ya kukataa, na afanye hivyo kwa upole. Sema, "Beringi ya nyuma inavuma, ndiyo maana tumeshusha bei." Mtapoteza elfu kadhaa. Lakini watoto wa mnunuzi nao watakaa kiti cha nyuma.

KWA KUMALIZIA

Tulianza na swali: je, mtu ana hatia kwa jambo asilolijua, ikiwa angelijua kama angetaka? Naona jibu ni ndiyo, anayo, kwa kadiri ya alivyoweza kujua na kwa kadiri ya watu walioweka maisha yao mikononi mwake. Gari kuukuu si aibu, na kukosa pesa za kulitengeneza leo si dhambi. Lililo mikononi mwetu hata tukiwa maskini ni kusikiliza, kuambiana kweli, na kuamua pamoja kama gari hilo litatoka kesho asubuhi au halitatoka.

Maswali ya kujadiliana nyumbani:

1. Je, kuna sauti katika gari letu ambayo mmoja wetu ameisikia na hajaitaja? Kwa nini hajaitaja?

2. Mwenzangu anapoleta habari ya kitu kilichoharibika, neno langu la kwanza huwa nini?

3. Tukijua leo kwamba breki zetu zimekwisha na hatuna pesa mpaka mwisho wa mwezi, tutafanya nini kesho asubuhi?